Abiria msumbufu ni nani? Toka ngumi za mwaka 1948 mpaka mamba wa Bandundu



Tukikutana watu watano na mazungumzo yakageukia ndege za kwetu, lazima mmoja ataleta ile habari ya mamba. Mnaijua. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo aina ya Let L-410 ilitoka Kinshasa, ikapita miji kadhaa ya ndani, na ilipokaribia kutua Bandundu ikaanguka juu ya nyumba. Ndani walikuwa watu 21. Walikufa 20. Yule mmoja aliyepona njo alisimulia kwamba abiria fulani alikuwa ameficha mamba ndani ya mfuko, mamba akatoka, hotesi akashikwa na woga akakimbilia mbele kwa mapiloti, na abiria wakamfuata. Ndege ikapoteza usawa. Wanasema mamba alitoka mzima katika mabaki, akauawa kwa panga.

Watu wanacheka. Na mimi nilicheka sana, juu nilikuwa mtoto wa sekondari na habari ilikuwa tamu. Ni ushuhuda wa mtu mmoja tu, na kuna wenye kuuonea mashaka mpaka leo. Lakini angalieni vizuri: mamba hakumuuma mtu. Kama ushuhuda ni wa kweli, kilichowaua watu wale ni kukimbia.

Mimi ni mtu wa agronomia, sio wa sheria wala wa anga. Lakini mambo ya uzito ninayajua, na yeyote aliyekwisha kupanda mtumbwi ku ziwa Kivu ao ku mto Congo anayajua pia. Mtumbwi umejaa, mtu mmoja anaona samaki mkubwa, wote wanaegemea upande ule ule, basi. Mzee mwenye kasia hakuambii tafadhali. Anapiga kelele: ikala! Ndege ni vilevile. Kabla ya kuondoka piloti anahesabu mafuta, mizigo na watu, na tena anahesabu kila kitu kimekaa fasi gani. Uzito ukienda mno nyuma, pua inainuka, mabawa hayashiki tena hewa, ndege inaanguka. Ukienda mno mbele, pua inainama na piloti anaweza kushindwa kuiinua. Kwa ndege ya viti 19 sawa ile ya Bandundu, watu kumi na tano wakihama pamoja ni karibu tani moja inayohama. Hakuna mkulima angeweka tani moja ya mihogo nyuma ya pikipiki halafu ashangae gurudumu la mbele likiinuka.

Sasa turudi nyuma miaka 62 kabla ya Bandundu, mbali kabisa na kwetu. Tarehe 2 Agosti 1948 ndege ya Marekani iliondoka San Juan, ku kisiwa cha Puerto Rico, kwenda New York. Ilibeba abiria kama 60. Wamoja walikuwa wamekunywa romu, ile pombe ya miwa. Ndege ikiwa juu ya bahari, marafiki wawili waliolewa wakaanza kupigana nyuma kabisa, karibu na mkia. Na abiria wengine walifanya nini? Walifanya sawa watu wa dunia yote wakisikia ngumi: walikimbia kwenda kutazama.

Piloti kule mbele hakusikia ngumi. Alichoona ni kwamba pua ya ndege inapanda yenyewe, mkia umekuwa mzito. Akamwachia msaidizi wake usukani, akaenda nyuma kuona kuna nini. Mmoja wa wagomvi, aliyeitwa Cordova, akamuuma bega mpaka damu ikatoka, akampiga na hotesi. Mwishowe walimshinda, wakamfungia mpaka ndege ikatua New York, na huko akapelekwa mbele ya tribinali.

Hapa njo mkasa wenyewe unaanza. Mwaka 1950 mwamuzi alisema wazi kwamba ushahidi upo na mtu huyu alifanya mambo yale. Halafu akasema hana uwezo wa kumhukumu. Kwa nini? Sheria ya Marekani ya wakati ule iliadhibu makosa yaliyofanyika ndani ya chombo cha majini kikiwa baharini. Ndege si chombo cha majini. Na tena, kuwa juu ya bahari, kule hewani, si kuwa baharini. Kwa hiyo mtu alimuuma piloti mbele ya watu 60, na sheria haikuwa na fasi ya kumshika. Wanasheria wanaiita kesi ya Cordova, na nafikiri ndugu zetu wa kitivo cha sheria wataijua kuliko mimi.

Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilifikiri mwamuzi yule ni mtu wa kuchezea maneno. Baadaye nikaelewa alikuwa anasema ukweli mchungu. Mkataba wa Chicago wa 1944 ulikuwa umekwisha kusema kila inchi ni mwenye mbingu iliyo juu ya ardhi yake. Lakini bahari kuu haina mwenyewe, na mbingu ya juu yake vilevile. Ndege ikifika huko, inakuwa kijiji kisicho na chifu. Marekani iliziba shimo lake mwaka 1952 kwa kubadili sheria. Lakini ile ilikuwa sheria ya inchi moja, na ndege za dunia zilikuwa zinaongezeka.

Kwa hiyo inchi zikakutana Tokyo, na tarehe 14 Septemba 1963 wakatia sahihi mkataba juu ya makosa na matendo mengine yanayofanyika ndani ya ndege. Angalia maneno haya: makosa, na matendo mengine. Ulianza kufanya kazi tarehe 4 Desemba 1969. Watu mingi wanafikiri uliandikwa juu ya watekaji wa ndege, lakini wale walipewa mikataba yao baadaye, The Hague 1970 na Montreal 1971. Tokyo ilikuwa kwanza juu ya watu sawa Cordova.

Jibu la Tokyo lilikuwa rahisi. Ndege ina uandikisho wa inchi fulani, ile alama iliyoandikwa mkiani. Basi inchi ile njo yenye haki ya kuhukumu, popote ndege inaporuka. Kijiji kikapata chifu wa mbali. Na kwa sababu chifu wa mbali hawezi kushika mkono wa mtu anayepiga ngumi saa hii, mkataba ukampa komanda wa ndege nguvu ambazo raia wa kawaida hana. Toka wakati milango yote inafungwa abiria wakiisha kuingia, mpaka mlango mmoja ufunguliwe watu washuke, komanda anaweza kumfunga mtu, anaweza kumshusha ku uwanja wa kwanza, anaweza kumkabidhi kwa polisi. Wafanyakazi wake anaweza kuwalazimisha wamsaidie. Abiria anaweza kuwaomba ao kuwaruhusu, lakini hawezi kuwalazimisha. Ninapenda sana kifungu hiki. Mtu aliyekiandika alijua kwamba abiria alilipa ili asafiri, hakulipa ili awe askari.

Lakini kuna mengine mawili ndani ya mkataba, na haya njo yanayonifanya niandike. La kwanza: komanda hasubiri mtu avunje sheria. Tendo linaloharibu utaratibu mzuri na nidhamu ndani ya ndege linatosha, hata kama si kosa la jinai ku inchi yoyote. La pili: komanda, wafanyakazi, kampuni, hata abiria aliyesaidia, hawawezi kushtakiwa kwa vile walivyomtendea mtu yule, ikiwa walifuata mkataba. Wekeni mambo haya mawili pamoja. Neno pana sana, utaratibu mzuri, na mkono usiodaiwa.

Sisemi waliandika vibaya. Juu ya bahari hakuna muda wa kuita mwanasheria.

Kabla ya hapo, adui mkubwa wa ndani ya ndege alikuwa ugonjwa. Hotesi wa kwanza wa dunia, Ellen Church, aliyeanza kazi Marekani tarehe 15 Mei 1930, alikuwa muuguzi, na wenzake wa kwanza walikuwa wauguzi pia, juu watu walikuwa wanaogopa na kutapika. Baada ya Tokyo, dada yule yule anayekuletea maji amekuwa pia polisi bila silaha. Tunamwangalia sawa mtumishi wa hoteli. Kazi yake ya kweli ni kukutoa haraka siku ndege inawaka moto.

Na moto si mfano wa bure. Tarehe 11 Julai 1973 ndege ya kampuni Varig ya Brazili, kutoka Rio de Janeiro, ilikuwa karibu kufika Orly, Paris, wakati moshi ulianza kutoka choo cha nyuma. Mapiloti waliishusha shambani, kilomita chache tu kabla ya uwanja. Walikufa watu 123, wengi kwa moshi. Chanzo kinachodhaniwa ni sigara iliyotupwa ndani ya pipa la takataka. Ukiingia choo cha ndege leo na kuona kisahani cha majivu mlangoni pembeni ya alama ya kukataza sigara, usidhani ni mabaki ya zamani. Wanakiacha makusudi, juu wanajua siku moja mtu ataivuta hata hivyo, na bora aizime pale kuliko ndani ya karatasi. Marekani ilianza kukataza sigara kwa safari fupi mwaka 1988, kisha safari nyingi za ndani mwaka 1990, na ugomvi wa choo ukaongezeka.

Na wale wanaosema fujo ni ya watu wasiosoma, waliopanda ndege mara ya kwanza, nawaletea Oktoba 1995. Ndege inatoka Buenos Aires kwenda New York. Mkubwa mmoja wa mambo ya fedha, ku daraja la kwanza, alikunywa mpaka hotesi akamkatalia pombe zaidi. Akapanda juu ya kigari cha chakula, akajisaidia pale, haja kubwa, mbele ya watu. Daraja la kwanza, nimesema. Siku ile rais wa Ureno alikuwa ndani ya ndege hiyo hiyo. Huyu bwana alihukumiwa Marekani, akalipa faini na fidia.

Safari nyingine inatugusa karibu, juu ilikuwa inakuja Nairobi. Tarehe 29 Desemba 2000, ndege kubwa ya British Airways, Boeing 747, ilitoka London na watu karibu 400. Alfajiri, ikiwa juu ya Sudan, abiria mmoja aliingia ku chumba cha mapiloti na kushika usukani. Mlango haukuwa wa kufungwa sawa siku hizi. Mashine inayoongoza ndege yenyewe ikazimika, ndege ikainuka, ikapoteza hewa, ikaanguka maelfu ya futi na watu wanalia. Komanda alikuwa amekwenda kupumzika, akarudi mbio; alimwingiza mtu yule kidole jichoni. Abiria waliokuwa karibu wakaja wakamvuta. Piloti msaidizi akarudisha ndege sawa. Walitua Nairobi salama, na mtu yule akapelekwa hospitali: alikuwa mgonjwa wa akili, aliamini watu wanamfuata wamuue.

Ninairudia hii safari kichwani mara mingi. Hakuna sheria ingemzuia. Adhabu haimtishi mtu ambaye tayari anaamini atauawa. Kilichookoa watu ni mikono ya abiria, wale wale ambao Tokyo ilikataa kuwalazimisha. Miezi tisa baadaye ikaja 11 Septemba 2001, na milango ya mapiloti ikawa ya chuma. Toka hapo, fujo inabaki upande wa abiria na hotesi.

Sasa nifike upande wa pili, na hapa nitakwenda polepole.

Semira Adamu alikuwa msichana wa Nijeria, wa miaka 20. Alifika Ubelgiji akisema anakimbia ndoa ya kulazimishwa na mzee. Ombi lake la ukimbizi lilikataliwa. Walijaribu kumrudisha kwa ndege, akakataa, wakajaribu tena. Tarehe 22 Septemba 1998, ku uwanja wa Zaventem, Brussels, ilikuwa mara ya sita. Jandarma walimpandisha ku ndege ya Sabena ya kwenda Lomé, amefungwa. Alipoanza kupinga, walimkandamiza uso ndani ya mto wa kulalia. Haikuwa ukatili uliobuniwa siku ile. Matumizi ya mto yalikuwa yameruhusiwa ndani ya maagizo ya kazi yao. Alikosa hewa, akafa siku ile ile. Waziri wa mambo ya ndani, Louis Tobback, alijiuzulu. Mwaka 2003 jandarma wanne walihukumiwa, kifungo bila kuingia gereza.

Wazee wetu wanaikumbuka Sabena kwa utamu, ile ndege ya bourse za kwenda kusoma Ulaya, ya mayai ya asubuhi na kisu cha chuma. Ni ndege ileile. Mimi sina la kuongeza.

Miaka kumi na mbili baadaye, tarehe 12 Oktoba 2010, ilikuwa zamu ya Jimmy Mubenga, baba wa Angola aliyeishi Uingereza, mu ndege ya kwenda Luanda. Walinzi watatu wa kampuni ya binafsi walimkunja kitini ndege ikiwa bado Heathrow. Abiria walimsikia akisema hawezi kupumua. Hawakuinuka. Mwaka 2013 jopo la uchunguzi lilisema aliuawa kinyume cha sheria. Mwaka 2014 walinzi wakaachiliwa na tribinali. Hesabuni tarehe: ilikuwa wiki saba tu baada ya Bandundu. Kule watu walikufa juu wote walisimama. Huku mtu alikufa na wote wamekaa, wamefunga mikanda, wanatii.

Njo maana siwezi kuandika hapa kwamba abiria mzuri ni yule anayekaa kimya, nikaweka nukta.

Wengine walisimama. Julai 2018, Göteborg, Uswidi, mwanafunzi wa iniversite Elin Ersson alikataa kukaa ili ndege isiondoke na mtu wa Afghanistan aliyekuwa anarudishwa kwao. Alijua kanuni: ndege haitembei kama kuna mtu amesimama. Alishika simu, akajionyesha moja kwa moja kwa dunia, analia, abiria wengine wanamtukana juu wanachelewa. Mtu yule alishushwa. Mwaka uliofuata tribinali ilimtoza Ersson faini ya kroner 3,000. Kwa karatasi, alikuwa abiria msumbufu. Na mwaka 2017, tarehe 9 Aprili, ku Chicago, daktari David Dao aliburutwa nje ya ndege ya United, damu mdomoni, kwa sababu kampuni ilihitaji viti vinne kwa wafanyakazi wake na yeye alikataa kutoa kiti alicholipa. Barua ya kwanza ya mkubwa wa kampuni kwa wafanyakazi ilimwita mtu wa fujo. Video ilipozunguka dunia, barua zilizofuata zilikuwa za kuomba msamaha. Bila simu za abiria, Dao angebaki mtu wa fujo mpaka leo.

Wakati huo sheria yenyewe ilikuwa imeonekana ina kitundu. Tokyo ilimpa chifu wa mbali haki, lakini siku hizi kampuni zinakodi ndege. Ndege inaandikishwa Ireland, kampuni ni ya inchi nyingine, inatua ku inchi ya tatu. Mlevi anampiga hotesi, polisi wanakuja ku mlango, wanaangalia karatasi, wanasema hii si kesi yetu, mlevi anachukua mizigo yake na taksi. Cordova amerudi, na safari hii hata bahari haihitajiki! Ndiyo sababu mwaka 2014, Montreal, iliandikwa protokoli ya kuongeza haki ya inchi ambako ndege inatua na ya inchi ya kampuni. Ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2020. Miezi michache baadaye dunia ilivaa barakoa, na mwaka 2021 Marekani peke yake ilipokea taarifa karibu 6,000 za abiria wasumbufu, zaidi ya 4,000 zikiwa juu ya barakoa. Kwa dunia, shirika la makampuni ya ndege IATA lilihesabu tukio moja kwa kila safari 480 mwaka 2023.

Kwetu tuna Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 juu ya usafiri wa anga. Miezi minne baada ya Bandundu. Sisemi moja ilizaa nyingine. Lakini kwetu kuna jambo ambalo wa Tokyo hawakuwa nalo kichwani. Mtu wa Ulaya akishushwa ku ndege, atachukua treni. Huku ukishushwa, miji mingi hauwezi kuifikia kwa barabara. Kwa hiyo abiria wetu anapanda ndege na hasira ya kungoja na woga wa kubaki, na vyote viwili anavishusha kwa hotesi, ambaye hakuchelewesha kitu.

Ninasema hivi juu mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka miwili iliyopita nilikuwa ninasafiri kati ya miji yetu miwili, sitaji kampuni. Nilikuwa na mfuko wa mbegu, aina 12 za maharagwe, kilo mbili kila aina, za kupanda kwa majaribio, na msimu ulikuwa unakimbia. Tuliambiwa tuwe pale saa moja asubuhi. Tulipanda saa tisa. Ku mizani waliniambia mfuko wangu utakuja na ndege nyingine. Niliingia nimejaa mpaka hapa.

Nilikaa mstari wa pili. Hotesi akaja, akaonyesha mimi na wengine watatu: tuhamie nyuma. Hakusema sababu. Nikakatala. Nikamwambia nililipa, nilingoja saa nane, mfuko wangu mmeuacha, sasa na kiti munataka? Papa mmoja wa suti akapiga makofi. Wengine wakaanza kusimama, wanapiga kelele, wamoja wananiunga mkono, wamoja wanataka twende. Milango ilikuwa wazi bado. Mwanaume wa kampuni akaingia akasema ataita polisi watushushe wote wanne. Nilijisikia mtu mkubwa sana, lazima niseme ukweli. Nilimfikiria hata yule daktari wa Chicago.

Mama mzee aliyekuwa nyuma yangu njo alinigusa bega. "Mutoto yangu, ikala kwenye banakuambia. Siye tunataka tufike tu."

Nikaenda nyuma. Papa wa suti naye akaja, ananung'unika. Ndege iliondoka vizuri, ikatua vizuri. Nusu ya viti vya nyuma vilikuwa tupu, na mizigo mizito ilikuwa imepakiwa mbele. Niliiona kwa macho tukiwa tunashuka. Tulikuwa mawe ya mizani. Hesabu ambayo ninafundisha kwa tingatinga na magari ya kuvuna, iliyokuwa mbele ya macho yangu, sikuiona juu ya hasira. Na yule dada, kwa sentensi moja tu, "papa, ni juu ya uzito", angenikalisha mara moja. Alikuwa amechoka kuliko mimi, nafikiri. Alikuwa pale tangu saa moja yeye pia.

Mfuko wangu ulifika siku ya sita, umeloa. Aina saba njo ziliota. Nilirudi ku ofisi yao na karatasi ya mizani, niombe wanilipe hata nusu ya mbegu. Dada wa dirishani akafungua daftari, akatafuta jina langu kwa kidole, akasimama hapo, akanitazama.

"Ah. Ni weye njo ulikatala kukaa?"